Moduli mbadala za faiba: namna ya kuchagua, kupima na kufunga Unguja na Pemba

Moduli ya faiba ni kile kipande kidogo kinachochomekwa kwenye swichi na kugeuza data kuwa mwanga, na mwanga kuwa data. Kampuni nyingi zinazouza swichi hazitengenezi moduli hizo zenyewe. Hununua kwenye viwanda vinavyofanya kazi hiyo tu, zikabandika nembo zao, na bei ikapanda mara kadhaa. Moduli mbadala hutoka kwenye viwanda vya aina hiyohiyo bila ya nembo kubwa, ikiwa imeandikwa ndani yake maelezo ambayo swichi yako inataka kuyasoma. Fundi wa hoteli ya Nungwi, wa skuli ya Makunduchi au wa ofisi ya Chake Chake hana sababu ya kuiogopa. Matatizo tunayohangaika nayo huku visiwani mara chache hutokana na nembo. Hutokana na mwanga: umepungua, umezidi, au umepita kwenye konekta chafu. Ndiyo maana hapa chini nimekaa zaidi kwenye mwanga, na mambo ya nembo nimeyapa nafasi yake tu.

Hatua ya 1: Anza na uzi, si na swichi

Kabla ya kuuliza bei, nenda ukaangalie waya uliopo. Ganda la manjano kwa kawaida ni singomodi, uzi wa kiini chembamba unaokwenda mbali. La rangi ya machungwa ni maltimodi (kiini kipana, masafa mafupi) ya zamani, OM1 au OM2, na la buluu ya bahari ni OM3 au OM4. Rangi ni dalili tu, na waya wa nje aghalabu huwa mweusi hata hivyo. Soma maandishi yaliyopigwa kwenye ganda: OS2, G.652.D au 9/125 ni singomodi. 50/125 na 62.5/125 ni maltimodi.

Moduli za maltimodi, SX kwa gigabiti 1 na SR kwa gigabiti 10, hutoa mwanga wa nanomita 850 na haziendi mbali. SR hufika mita 300 kwenye OM3 na mita 400 kwenye OM4, lakini kwenye OM1 ya zamani huishia kama mita 33. Kwa kazi mpya mimi huweka singomodi tu, hata ikiwa ni kutoka mapokezi hadi jikoni. Moduli za singomodi, LX kwa gigabiti 1 na LR kwa gigabiti 10, zimeshuka bei, na mwenye hoteli akiongeza nyumba tatu upande wa pwani huna haja ya kuchimba upya.

Kisha tazama konekta. Buluu ni UPC, yenye uso usiokatwa mshazari. Kijani ni APC, ambayo uso wake umekatwa mshazari wa nyuzi 8. SFP, yaani moduli za umbo dogo, za kawaida zinataka konekta ndogo iitwayo LC, ya UPC. Kisanduku cha ukutani kikiwa na SC, konekta kubwa zaidi, ya kijani, nunua waya mfupi wenye SC/APC upande mmoja na LC/UPC upande wa pili. Kijani kwenye buluu huingia, lakini nyuso hazigusani sawasawa, mwanga mwingi hupotea, na ukikazana unaweza kuikwaruza konekta nzima.

Uliza pia uzi huo unatoka wapi. Kosa moja linajirudia sana kwenye hoteli ndogo na nyumba za wageni: mtoa huduma ameleta faiba ya GPON, mwenye nyumba anataka kukiondoa kile kiboksi cheupe, ananunua SFP ya kawaida na kuichomeka kwenye rauta yake. Haiwezi kufanya kazi. GPON hushuka kwa nanomita 1490 na kupanda kwa 1310 juu ya uzi mmoja unaogawanywa kwa wateja wengi, na kifaa cha mteja lazima kisajiliwe kwenye mtambo wa mtoa huduma. Kuna SFP maalumu za GPON, lakini hata hizo hazina maana kama mtoa huduma hajakubali kuisajili. Mpigie kwanza.

Mwisho, hesabu nyuzi zilizo huru. Zikiwa mbili, utatumia moduli ya kawaida yenye matundu mawili. Ukiwa mmoja tu, utahitaji BiDi, ambayo hutuma na kupokea kwenye uzi huohuo kwa mawimbi mawili tofauti. BiDi huuzwa kwa jozi zilizopishana: upande mmoja unatuma 1310 na kupokea 1490, wa pili kinyume chake. Kwenye gigabiti 10 jozi ya kawaida ni 1270 na 1330. Ukinunua mbili za upande mmoja umenunua mapambo. Zipo pia BiDi za 1310 na 1550, kwa hivyo soma kibandiko. Usitegemee rangi ya mkono wa kuvutia moduli, maana viwanda havikukubaliana juu ya rangi hizo.

Hatua ya 2: Umbo na kasi

Hapa pana maneno machache. SFP ni gigabiti 1, SFP+ ni 10, SFP28 ni 25. Zote zina umbo moja. QSFP+ ni 40 na QSFP28 ni 100, nazo ni pana zaidi. SFP ya gigabiti 1 mara nyingi hufanya kazi ndani ya poti ya SFP+, ila huenda ukalazimika kuipangia kasi kwa mkono. SFP+ ndani ya poti ya gigabiti 1 haifanyi kazi. Kasi iwe sawa pande zote mbili, na wimbi pia: usitegemee LR ya 1310 izungumze na ER, ya masafa marefu zaidi, ya 1550. Nembo za moduli, kinyume chake, si lazima zifanane. Upande wa Mjini unaweza kuwa na Cisco na wa Tunguu ukawa na MikroTik, kila mmoja na moduli yake, mradi zote ni LR. Kinachopita katikati ni mwanga tu.

Ukifika gigabiti 100 uwe mwangalifu zaidi, kwa sababu moduli za aina za LR4, CWDM4 na PSM4 zote ni za singomodi na zote zinaingia poti moja, lakini hazielewani.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya mwanga

Neno "kilomita 10" kwenye kibandiko ni makadirio ya muuzaji. Namba zinazohusika ni mbili, na ziko kwenye karatasi ya maelezo: nguvu ndogo kabisa ya kutuma, na mwanga hafifu kabisa ambao mpokeaji anaweza kuusoma. Zote huandikwa kwa dBm. 0 dBm ni miliwati 1, −10 dBm ni sehemu ya kumi ya hiyo, na kila desibeli 3 zinazopotea ni nusu ya mwanga imekwenda.

LR ya gigabiti 10 kwa kiwango cha IEEE, shirika linaloweka viwango vya mitandao, hutuma si chini ya −8.2 dBm na husoma hadi −14.4. Tofauti yake, desibeli 6.2, ndiyo mfuko wako wote. Kilomita 10 za uzi kwenye 1310 zinakula kama 4. Zilizobaki ni za viungo na konekta. Njia ikipita kwenye visanduku vinne, kila konekta ikichukua nusu desibeli, mfuko umeshakaribia kwisha kabla hata vumbi halijaingia. Hii ndiyo sababu LR "ya kilomita 10" hugoma kwenye kilomita 7, na mtu akalaumu moduli mbadala.

Tuchukue mfano wa njia ndefu. Tuseme unaunganisha ofisi ya Chake Chake na ya Wete kwa gigabiti 10, na kipimo cha OTDR, kifaa kinachopima uzi kwa kutuma mwanga ndani yake, kinaonyesha kilomita 33 za uzi. Usipime kwa ramani, maana waya hufuata barabara na nguzo, na huachwa mizunguko ya akiba kwenye kila kisanduku. Kwenye 1550 panga desibeli 0.25 kwa kilomita: 33 mara 0.25 ni 8.25. Waya ukija kwa roli za kilomita 4 utakuwa na viungo kama 8 vya kuyeyusha, kwa 0.1 kila kimoja ni 0.8. Konekta mbili za mwisho, 0.5 kila moja, ni 1. Jumla ni desibeli 10 na kitu kidogo.

ER, inayouzwa kuwa ya kilomita 40, hutuma si chini ya −4.7 na husoma hadi −15.8, yaani mfuko wa desibeli 11.1. Itawaka. Itafanya kazi vizuri siku ya uzinduzi. Kisha mkandarasi wa barabara atakata waya mara mbili, utaungwa mara mbili, konekta zitazeeka, na kiungo kitaanza kudondosha pakiti bila ya mtu kujua kwa nini. Kwa njia ya nje mimi huacha akiba ya desibeli 3, na hapo ER haitoshi.

Basi unapanda kwenye ZR, ya kilomita 80. ZR si kiwango cha IEEE, kwa hivyo soma karatasi ya kiwanda, lakini namba za kawaida ni kutuma 0 hadi 4 dBm na kupokea kati ya −24 na −7. Hiyo −7 ni dari. Moduli yako ikituma 4 na njia ikala 10, mwisho wa pili unapata −6: mwanga umezidi. Mpokeaji aliyezidiwa ni kama mtu aliyepigiwa ngoma sikioni, kelele anazisikia lakini maneno hayapati. Ukimwacha hivyo kwa muda, na hasa mwanga ukiwa mkali zaidi ya huo, unaweza kumuunguza kabisa. Weka kipunguza mwanga cha desibeli 5 kwenye upande wa kupokea wa kila moduli. Sasa hesabu inakuwa kati ya −11 na −15, ambayo iko katikati na ina nafasi ya kutosha kwa mikato ya miaka ijayo.

Kwa sababu hiyohiyo usinunue moduli ya masafa marefu "kwa usalama". LR inaweza kuunganishwa na mwenzake kwa waya wa mita moja bila ya madhara, kwani dari yake ni 0.5 dBm na haitumi zaidi ya hapo. ER hutuma hadi 4 na dari yake ni −1. ZR ndiyo kabisa.

Hatua ya 4: Nembo na kumbukumbu ya ndani

Kila moduli ina kumbukumbu ndogo yenye jina la mtengenezaji, namba ya bidhaa, namba ya mfululizo na aina ya mwanga. Swichi huisoma mara tu unapochomeka. Baadhi ya kampuni zimepanga swichi zao zikatae jina wasilolijua, na poti hufungwa kwa ujumbe wa kosa. "Kuandikwa kwa Cisco" au "kwa HPE" maana yake ni kwamba kumbukumbu hiyo imejazwa jinsi swichi hiyo inavyotaka. Mwanga haubadiliki hata kidogo.

MikroTik kwa kawaida haibagui. Swichi nyingi za Cisco za familia ya Catalyst hukubali ukiandika `service unsupported-transceiver`, pamoja na `no errdisable detect cause gbic-invalid`. Seva ya Linux yenye kadi ya Intel X520 huhitaji dereva wa ixgbe apewe `allow_unsupported_sfp=1`. Amri hizi ni nzuri kwa dharura. Kwa mtandao wa kudumu, agiza moduli iliyoandikwa kwa swichi yako hasa, kwa sababu toleo jipya la programu ya swichi linaweza kubadilisha ukaguzi, na hakuna anayetaka kugundua hilo usiku wa manane baada ya kuwasha upya. Ukisasisha programu, anza na swichi moja yenye moduli hizo na uione imerudi ndipo uende kwenye nyingine.

Kama unahudumia wateja wenye swichi mchanganyiko, wauzaji wengine wana kifaa kidogo cha kuandikia kumbukumbu. Akiba moja ya moduli inatosha nembo zote. Na bakisha jozi moja ya moduli asilia kabatini: ukifungua malalamiko kwa mtengenezaji wa swichi, huenda jambo la kwanza atakaloomba ni uweke moduli yake ndipo akusikilize.

Hatua ya 5: Joto na chumvi

Moduli ya kawaida imepimwa kwa nyuzi joto 0 hadi 70, ya viwandani kwa −40 hadi 85. Namba hiyo ni ya ganda la moduli, si ya chumba. Kabati lililofungwa chini ya paa la mabati huko Paje, mchana wa kaskazi, likiwa na swichi ambayo feni yake imejaa mchanga, linaweza kulifikisha ganda mbali sana na joto la nje. Kwa kabati lolote lisilo na kiyoyozi nunua ya viwandani. Kwenye chumba cha seva chenye kiyoyozi ya kawaida inatosha, japo umeme ukikatika na jenereta likabeba seva bila kiyoyozi, mambo ni yaleyale.

SFP+ ya shaba yenye tundu la RJ45 hula kama wati 2.5, zaidi ya mara mbili ya LR. Usizipange zikigusana, ruka poti moja.

Kuhusu chumvi, poti tupu zizibwe kwa vifuniko vyake, na moduli za akiba zikae kwenye pakiti zao pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu.

Hatua ya 6: Namna ya kuagiza

Andika kila kitu, usimwachie muuzaji akisie. Mfano:

"Nahitaji SFP+ 10GBASE-LR, 1310 nm, singomodi, kilomita 10, LC mbili, yenye DOM, joto −40 hadi 85, iandikwe kwa Cisco Catalyst (namba ya modeli ninaiambatisha). Vipande 6."

DOM ni uwezo wa moduli kujipima na kutoa namba. Usinunue isiyo nayo, hata kama ni rahisi. Bila ya DOM utakuwa fundi kipofu.

Akiba ni lazima, na Pemba zaidi, maana bahari ikichafuka boti husubiri na mtandao wa hospitali hausubiri. Weka angalau moja ya kila aina. Kwa BiDi weka pande zote mbili. Mzigo ukifika, linganisha namba ya mfululizo ya kibandiko na ile inayosomeka kwenye kumbukumbu. Zikitofautiana, umeuziwa kilichobandikwa upya, kirudishe. Na "asilia" inayouzwa kwa bei ya mbadala isikufurahishe. Bora mbadala inayojitangaza kuwa mbadala.

Hatua ya 7: Jaribu mezani

Kabla ya kupanda ngazi, unganisha moduli zote mbili mezani kwa waya mfupi, na kwa ER au ZR weka kipunguza mwanga cha kutosha: angalau desibeli 5 kwa ER, 15 kwa ZR. Zipitishie data usiku kucha. Asubuhi angalia kihesabu cha makosa ya CRC, yaani data iliyofika imeharibika. Kinatakiwa kiwe sifuri. Andika nguvu ya kutuma ya kila moja pamoja na namba yake ya mfululizo kwenye daftari. Hizi ndizo namba utakazozihitaji baadaye.

Hatua ya 8: Kufunga

Kiini cha singomodi kina upana wa mikromita 9 hivi, kwa hivyo chembe moja ya vumbi inatosha kukiziba. Mji Mkongwe pana adui maalumu: ukitoboa ukuta wa mawe na chokaa, unga wake mweupe huelea chumbani kwa muda mrefu na kutua kwenye kila kitu. Toboa, fagia, subiri, ndipo ufungue vifuniko vya faiba.

Safisha kila konekta kabla ya kuichomeka, hata mpya iliyotoka kwenye pakiti. Tumia kalamu ya kusafishia ya LC, moja inayoingia pia ndani ya tundu la moduli. Usipulize kwa mdomo, usifute kwa shati wala kwa upindo wa kanga. Ukiwa na darubini ya faiba, tazama uso wa konekta, lakini uzi uwe hauna mwanga. Usichungulie kamwe kwa jicho: 1310 na 1550 hazionekani, na kutoona kitu si ushahidi kwamba hakuna leza. Kamera ya simu huweza kuonyesha 850, ila simu nyingi hazionyeshi 1310 wala 1550, kwa hivyo usiitumie kuthibitisha kwamba moduli imekufa.

Moduli huchomekwa swichi ikiwa imewashwa, hilo halina tatizo. Gusa chuma cha kabati kwanza kumwaga umeme tuli, sukuma hadi isikike "tik". Kuitoa, chomoa waya kwanza, shusha mkono, kisha vuta. Waya wa ziada usiuzungushe kwa duara dogo, kwa G.652 kaa juu ya nusu kipenyo cha milimita 30. Taa ikikataa kuwaka, geuza nyuzi mbili kwenye upande mmoja, maana kutuma kwa huku lazima kuingie kupokea kwa kule.

Hatua ya 9: Soma namba

Kwenye Cisco ni `show interfaces transceiver detail`, kwenye Linux `ethtool -m` ikifuatwa na jina la kadi, kwenye MikroTik `/interface ethernet monitor` ikifuatwa na jina la poti. Linganisha mwanga unaopokewa na hesabu ya hatua ya 3. Kipimo cha DOM kinaruhusiwa kukosea hadi desibeli 3, kwa hivyo usibishane kwa tofauti ya moja.

Ukisoma −40 au karibu yake, hakuna mwanga kabisa: uzi umekatika, umegeuzwa, au upande wa pili umezimwa. Mwanga ukiwa hafifu upande mmoja tu wa jozi, shuku konekta au mkunjo kwenye uzi huo. Pande zote mbili zikipungua pamoja, shuku njia ya nje. Mwanga ukiwa mzuri pande zote lakini makosa yanaongezeka, tazama kama haujavuka dari, kisha kasi iliyopangwa, na kwa gigabiti 25 na 100 hakikisha FEC, yaani usahihishaji wa makosa, imewekwa sawa pande zote mbili.

Mwanga ukiwa mzuri na poti bado imefungwa kwa kosa, hapo sasa ndipo unaporudi kwenye nembo.

Soma pia mkondo wa leza, ule unaoandikwa "bias". Ukipanda mwezi hadi mwezi huku nguvu ya kutuma ikibaki palepale, leza inazeeka na moduli inajilazimisha. Toa moduli hiyo kwa wakati unaoupanga wewe, rudisha kwa muuzaji pamoja na namba za daftari lako za siku ya mezani, na agiza ya kujaza nafasi yake kabatini kabla ya boti inayofuata.